Mlango wa Mungu Hauna Bawabu: Uwongozi kwa Aliyetoka Katika Scientology na kwa Waislamu Watakaompokea

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliye karibu na kila mwenye kumwomba, asiyehitaji mshenga baina Yake na waja Wake. Na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyefikisha alichotumwa pasina kuficha neno wala kutaka ujira, na jamaa zake na masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Katika zama hizi mna watu wengi huko Ulaya na Marekani walioingia katika madhehebu mapya yaliyotungwa na wanadamu, wakakaa humo miaka mingi, kisha wakatoka. Mtu wa namna hii hutoka mikono mitupu. Mali yake imekwisha, jamaa zake wamemkata, na moyo wake umejaa shaka kwa kila atajaye jina la Mungu. Swali lake huwa moja: je, iko njia ya kweli, au njia zote ni mitego?

Asidhani Muislamu wa pwani kuwa swali hili halimkhusu. Vijana wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja wako leo London, Toronto na miji mingine ya mbali, na wako jirani na watu waliotoka katika madhehebu hayo, na wengine hualikwa wao wenyewe kuingia. Huenda siku moja mtu kama huyo akasimama mlangoni mwa msikiti akiuliza habari za Mungu, na jawabu atakalopewa siku hiyo ndilo litakalomkaribisha au litakalomfukuza asirudi tena. Basi yafaa zijulikane khabari za madhehebu hayo, na khasara ya mwenye kutoka, na njia walizofuata waliotoka, na alama za njia ya kweli, na wajibu wa mwenye kumpokea.

KHABARI ZA SCIENTOLOGY

Mwenye kuasisi Scientology ni L. Ron Hubbard, Mmarekani, aliyezaliwa Tilden katika jimbo la Nebraska mwaka 1911. Alikuwa mwandishi wa hadithi za kubuni, na nyingi katika hizo zilikuwa za safari za angani. Mwezi wa Mei 1950 alitoa kitabu kiitwacho Dianetics, akidai kuwa maumivu yaliyompata mtu zamani huacha alama katika akili yake, na kuwa akihojiwa kwa taratibu makhsusi alama hizo huondoka naye akapona. Disemba 1953 aliandikisha kanisa la Scientology katika jimbo la New Jersey, na mwaka 1954 likafunguliwa Los Angeles. Mwaka 1959 alinunua jumba la Saint Hill, karibu na East Grinstead, Uingereza. Hata Afrika alifika: mwaka 1966 alikaa miezi michache Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na serikali ya huko ikakataa kumwongezea ruhusa ya kukaa. Mwaka 1967 akaunda jamii ya watumishi iitwayo Sea Organization, na mwenye kuingia humo hutia sahihi mkataba wa miaka bilioni moja, kwa itikadi kuwa roho hurudi duniani katika mwili baada ya mwili. Hubbard alikufa tarehe 24 Januari 1986, na baada yake uongozi ukashikwa na David Miscavige.

Itikadi yao ni kuwa mtu ni roho isiyokufa, nao waiita thetani, iliyokwisha kupitia maisha mengi kabla ya haya. Mfuasi huketi mbele ya mwenye kumhoji akashika mikebe miwili iliyofungwa kwenye chombo cha umeme kiitwacho E-meter, akaulizwa mambo yake, ya wazi na ya siri, na majibu yake huandikwa na kuwekwa. Mwaka 1971 mahakama ya Marekani ilihukumu kuwa chombo hicho hakiruhusiwi kutangazwa kuwa kinatibu maradhi. Kwa mwendo huo wa kuhojiwa mfuasi hupanda ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ina malipo yake. Akiisha kufika ngazi ya kuitwa Safi huingia katika ngazi nane za siri, na ile ya nane hutolewa katika meli yao, Freewinds, tangu mwaka 1988. Waliotoka wameeleza kuwa walitumia maelfu na laki za dola. Na ilipofika mwaka 1985, baadhi ya maandiko hayo ya siri yalitokea hadharani katika kesi mahakamani Los Angeles, ikaonekana kuwa ndani yake mna kisa cha mtawala wa nyota za mbali wa miaka milioni 75 iliyopita. Wako waliotoa umri wao na mali yao kwa ajili ya siri hiyo.

Muislamu ameamrishwa uadilifu hata kwa asiyempenda, kwa hiyo yalazimu kusemwa pande zote mbili. Mwaka 1979 wakubwa kadha wa kanisa hilo, na miongoni mwao mke wa Hubbard, walihukumiwa Washington katika kesi ya kuingia maofisi ya serikali kwa siri na kuchukua nyaraka. Mwaka 2009 mahakama ya Paris ililihukumu kwa udanganyifu, na mwaka 2013 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaithibitisha hukumu hiyo. Lakini mwaka 1993 serikali ya Marekani ilikubali kulisamehe kodi kama isamehevyo dini nyingine, na mwaka 2013 mahakama ya juu ya Uingereza iliruhusu ndoa zifungwe katika nyumba yao ya ibada. Na wenyewe wayakanusha mabaya wanayosingiziwa, kama wasemavyo. Wako pia waliotoka wakakiri kuwa siku za kwanza walipata faida: walisikilizwa, wakapata marafiki, wakaacha ulevi. Mwenye kumwambia mtu huyo kuwa alikuwa mjinga tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho hamjui, tena hatamfaa. Chambo ni chakula cha kweli. Lau kingekuwa jiwe samaki asingekikaribia.

KHASARA YA MWENYE KUTOKA

Khasara ya kwanza ni jamaa. Katika Scientology mtu akitangazwa kuwa ni adui wa madhehebu, wafuasi hutarajiwa kukata uhusiano naye, japo ni mama na mwana. Mike Rinder, aliyezaliwa Australia mwaka 1955 na kulelewa katika Scientology tangu utoto, alifika kuwa msemaji wake mkubwa. Mwaka 2007 akatoka akiwa London. Mkewe na watoto wake wawili walibaki ndani, wakamkata. Aliishi miaka mingine, akaoa tena, akaandika kitabu mwaka 2022, na akafa Januari 2025. Jenna Miscavige Hill, mtoto wa ndugu yake yule David Miscavige, alitoka mwaka 2005, na katika kitabu chake cha mwaka 2013 aeleza kuwa mkataba wa miaka bilioni alitiliwa mbele akausaini akiwa na umri wa miaka saba.

Khasara ya pili ni siri. Mtu aliyekwisha kusimulia aibu zake zote, zikaandikwa kwa kalamu, hutoka hali ajua kuwa zimebaki nyuma yake katika makabati ya watu asiowaamini tena.

Khasara ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni khasara ya yakini. Mtu huyo alikuwa na jawabu kwa kila swali: kwa nini mwanadamu ateseka, alitoka wapi, atakwenda wapi. Siku moja majawabu yote yakaanguka, na maswali yakabaki yamesimama palepale. Hapo ndipo penye khatari. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akisikia neno ibada hukumbuka kutumikishwa, akisikia neno mwalimu hukumbuka bwana, akisikia neno toba hukumbuka mikebe miwili na kalamu ya mwenye kuandika. Maneno mazuri yote yametiwa sumu masikioni mwake.

NJIA WALIZOFUATA WALIOTOKA

Waliotoka hawakwenda njia moja. Kuna waliowakataa wakubwa wakabaki na mafundisho. Tangu miaka ya 1980 pamekuwa na makundi nje ya kanisa hilo yahojiyo watu kwa taratibu zile zile za Hubbard, yakidai kuwa ubaya ulikuwa katika uongozi tu. Hao walimwondoa nahodha, na chombo ni kile kile na tundu lake chini.

Kuna walioonja mafundisho ya Scientology kisha wakafungua duka la pili kando yake. Werner Erhard, aliyepata kusoma mafunzo yao, alianzisha mwaka 1971 mafunzo yake mwenyewe yaliyoitwa est, yakawa na wafuasi wengi Marekani. Ndivyo yawavyo mara nyingi: mwenye njaa hutoka nyumba moja akaingia ya pili kabla hajaangalia jikoni.

Kuna waliorejea dini ya utotoni mwao. Leah Remini, mwigizaji aliyeingia Scientology akiwa mtoto na kutoka mwaka 2013, alirudi katika Ukatoliki, kisha akatengeneza vipindi vya televisheni kuanzia mwaka 2016 akiwapa waliotoka nafasi ya kueleza yaliyowapata. Na Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kuna waliotafuta utulivu kwa watawa wa mashariki: Leonard Cohen, mtunzi wa nyimbo wa Canada, alipita Scientology kwa muda mfupi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1996 akawekwa kuwa mtawa wa Kibudha katika mlima Baldy, California, wala hakuuacha Uyahudi wake. Na kuna wengi waliosema: basi, hakuna tena Mungu wala dini, nitaishi kwa nilionalo kwa macho.

Kundi hili la mwisho halistahili kudharauliwa. Wengi wao hawakumkataa Mungu waliyepata kumjua. Wamemkataa mtu aliyejiweka mahali pa Mungu, na hilo lenyewe ni sehemu ya haki. Shahada ya Muislamu huanza kwa kukanusha kabla ya kuthibitisha: hukanushwa kwanza kila muabudiwa wa uongo, ndipo athibitishwe wa kweli. Aliyetoka amekwisha kukanusha, na bado hajathibitisha. Amefika nusu ya neno, na ni ukatili kumcheka mtu aliyefika nusu ya neno.

KISA CHA SALMAN

Katika masahaba wa Bwana Mtume yuko mmoja aliyepita njia hii kabla ya watu wote hawa, naye ni Salman Mfursi, Mwenyiezi Mungu amridhie. Alizaliwa katika nchi ya Isfahan, baba yake akiwa mkubwa wa kijiji na muabudu moto, na yeye mwenyewe akawa mlinzi wa moto usizimike. Siku moja alisikia Wanasara wakisali, moyo wake ukavutwa. Baba yake alipojua alimtia pingu. Akazivunja, akakimbilia Sham, akauliza ni nani mjuzi wa dini hii, akaelekezwa kwa askofu, akamtumikia.

Askofu yule alikuwa mwovu. Aliwaamuru watu watoe sadaka, nao wakitoa, huzificha kwake asiwape maskini kitu, hata akajaza mitungi saba ya dhahabu na fedha. Alipokufa Salman aliwaonyesha watu mitungi ile. Hapa ndipo pa kuzingatiwa. Lau Salman angesema, "Nimeacha baba na nchi yangu kwa ajili ya mwizi, basi dini zote ni wizi," nani angemlaumu? Lakini alipambanua baina ya mwizi na kitu kilichoibwa. Akamtumikia aliyekalia kiti baada yake, akamkuta mchamungu. Kisha akenda Mosul, kisha Nasibina, kisha Ammuria, kwa mwalimu baada ya mwalimu, mpaka wa mwisho akamwambia kuwa zama za Mtume zimekaribia katika nchi ya mitende, na alama zake ni kuwa hali sadaka, hula zawadi, na baina ya mabega yake pana muhuri. Njiani akasalitiwa na wenye msafara, akauzwa utumwani, akafika Madina mtumwa.

Na Bwana Mtume alipohamia Madina, Salman hakukimbilia kuamini. Alipeleka tende akasema ni sadaka. Bwana Mtume akawapa masahaba, mwenyewe asile. Akapeleka nyingine akasema ni zawadi. Akala pamoja nao. Kisha akazunguka nyuma yake akitafuta ile alama ya tatu. Bwana Mtume alitambua kuwa anapimwa, asikasirike wala asimwite mtovu wa adabu. Aliishusha nguo yake mabegani ili Salman aone.

Huo ni mwendo wa mwenye haki. Mwenye dhahabu safi hachukii sonara kuijaribu. Basi aliyetoka katika madhehebu ya uongo na apime, aulize na azunguke nyuma kutazama, na ajue kuwa mwenye kumkataza hayo amekwisha kujifunua. Na shaka si mwisho wa safari: Imam Ghazali alipatwa na shaka iliyomshika karibu miezi miwili, asiamini hata alichokiona kwa macho yake. Mungu alimtoa humo, na vitabu vyake vyasomwa mpaka leo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

ALAMA TANO ZA NJIA YA KWELI

Ya kwanza: uwongofu hauuzwi. Qur'ani yaeleza kuwa Mitume, mmoja baada ya mmoja, waliwaambia watu wao kuwa hawataki ujira kwao. Mwalimu aweza kupewa riziki yake, na msikiti waweza kuchangiwa taa na maji, lakini asimamaye mbele ya mlango wa Mungu akatoza nauli ni bawabu aliyejiajiri mwenyewe.

Ya pili: ilimu yake i wazi. Alichofundishwa sahaba wa kwanza ndicho afundishwacho aliyesilimu leo asubuhi: Mungu ni mmoja, Muhammad ni Mtume Wake, na Qur'ani yasomwa na mtoto na mzee, na tajiri na mchukuzi. Na umekuja uonyo mkali juu ya mwenye kuulizwa ilimu akaificha.

Ya tatu: haikati udugu wa damu. Asmaa binti Abubakari alijiwa na mama yake, naye bado ni mshirikina. Akamwuliza Bwana Mtume amfanyeje, akaamrishwa amuunge mama yake. Na Qur'ani yaamrisha kuwa wazazi wakimshurutisha mtoto ashirikishe, asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Njia ianzayo kwa kumtenga mtu na mama yake haina haja ya kuchunguzwa zaidi.

Ya nne: dhambi hukiriwa kwa Mungu. Maiz alipomjia Bwana Mtume kukiri dhambi yake, Bwana Mtume aligeuza uso wake mara baada ya mara, akimtakia arudi akatubu kwa Mola wake. Na amehimiza kusitiri aibu za watu, na kuwa mwenye kumsitiri mwenziwe naye atasitiriwa na Mungu. Ofisi ya kutunza aibu za watu haimo katika Uislamu.

Ya tano: mwalimu wake ni mja, aulizwa na hujibu. Bwana Mtume mwenyewe alikemewa na Mola wake kwa kumkunjia uso kipofu Ibnu Ummi Maktum, aliyekuja kutaka ilimu, na kemeo hilo likasomwa na umma wote hata leo halikufichwa. Dini ambayo Mtume wake asoma hadharani alivyokemewa haikumpa mtu yeyote cheo cha kutokosolewa.

KINGA SI JINA

Wenye Scientology husema kuwa mtu hahitaji kuiacha dini yake ili ajiunge nao. Kwa hiyo kijana Muislamu aliyetiwa mkononi karatasi ya maswali mia mbili bure njiani London, ili apimwe tabia zake, huweza kudhani kuwa hakuna ubaya. Lakini itikadi ya roho kurudi katika mwili baada ya mwili haikai pamoja na kufufuliwa na hisabu. Na jina la Uislamu peke yake si kinga: mwaka 2010 Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam huko Marekani, alianza kuwahimiza wafuasi wake wajifunze Dianetics ya Hubbard.

Na katika jamii hiyo hiyo ya Nation of Islam ndimo alimotoka mtu mwenye mafunzo kwa kila atokaye. Malcolm X aliitumikia miaka kumi na zaidi, akimtii kiongozi wake kuliko baba. Machi 1964 akatoka. Aprili ya mwaka huo alikwenda Makka kuhiji, akajikuta ni mmoja katika maelfu, anajifunza upya namna ya kusali na mtu mzima, na akaona watu wa rangi zote wakila sahani moja. Oktoba mwaka huo alifika Dar es Salaam, na Februari 1965 akauawa New York. Hakuwa na mwaka mzima wa uhuru, na katika muda huo mfupi alikiri makosa yake ya zamani mbele ya walimwengu. Hakumtafuta bwana mwingine wa kumwekea shingo. Alimtafuta Mola wa mabwana wote.

WAISLAMU WAJIHISABU

Ni wepesi mtu wa pwani kuwacheka Wamarekani waliolipa dola kwa khabari za nyota. Lakini na atazame kwao. Je, hapana mwenye kilemba auzaye hirizi kwa bei ya ng'ombe, akimwambia mama mgonjwa kuwa akitaja alichopewa dawa haitafanya kazi? Hiyo ni siri inayouzwa. Je, hapana mwenye kupiga ramli akakusanya aibu za nyumba za watu, kisha zikamwogopesha kila aliyefunua kinywa mbele yake? Huo ni mwendo ule ule, umekosa umeme tu. Je, hapana ndugu waliotengana, wasizikane wala wasilishane, kwa kukhitilafiana katika mambo ambayo maulamaa wamekhitilafiana karne nyingi na wakasali nyuma ya mmoja? Huko ni kukata udugu, japo hakukutolewa hati.

Aliyetoka katika Scientology ana macho makali kwa mambo haya kuliko mtu mwingine yeyote, kwani ameyalipia. Akija msikitini akayakuta, atarudi alikotoka au ataanguka mahali pabaya zaidi, na dhambi ya kumkwaza itakuwa shingoni mwa waliomkwaza.

ADABU ZA KUMPOKEA

Asiulizwe siri zake. Akitaka kusema atasema, na akinyamaza asidukuliwe, kwani amehojiwa kiasi cha kumtosha umri mzima. Asifanyiwe haraka. Salman alitembea nchi nne kabla ya kufika. Yeye naye apewe muda wa kukaa nyuma ya safu akitazama watu wakisali, bila ya kuzungukwa kama mawindo. Asipandishwe juu ya mimbari akaonyeshwa watu kama nyara ya vita, kwani huko alikotoka pia alionyeshwa. Asichukuliwe mali yake siku za mwanzo hata akiitoa kwa ridhaa, kwa kuwa mkono wake umezoeshwa kutoa kwa khofu, na yalazimu upumzike mpaka ujue kutoa kwa mapenzi.

Alishwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenye kukatwa na jamaa zake huwa mgeni hata katika mji aliozaliwa. Jamaa waliomkata wasitukanwe mbele yake, wao wenyewe ni wafungwa. Na ahimizwe kuwaandikia barua kila mwaka, siku ya Idi au siku nyingine yoyote, japo hawajibu, ili siku watakapotoka wajue mlango u wazi. Salman alipotakiwa mitende mia tatu ili ajikomboe, Bwana Mtume aliwaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na mitano, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na Bwana Mtume akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Hakuna aliyemwandikia deni.

Na akikaa, akala, akatazama, kisha akashika njia yake pasina kusilimu? Basi na aende kwa salama, na asitiliwe kinyongo. Qur'ani imekataza kumtia mtu katika dini kwa nguvu, na mwenye kuongoa nyoyo ni Mungu peke Yake. Sahani ya chakula aliyopewa haikupotea. Pengine ilikuwa ndiyo mara ya kwanza katika umri wake kupewa kitu kwa jina la Mungu asidaiwe, na jambo hilo litakaa moyoni mwake likifanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Na pengine usiku mmoja, peke yake, hana mtu wa kumhoji wala chombo mkononi wala wa kuandika, atainua viganja vitupu na kusema, "Ewe uliyeniumba, nionyeshe." Basi hapo amekwisha kufika mlangoni, na mlango huo hauna bawabu.

Mwenyiezi Mungu awaongoe waliopotea, awatulize waliojeruhiwa, awakutanishe waliokatwa na jamaa zao, na awajaalie Waislamu wa pwani na wa kila nchi kuwa milango iliyo wazi wala wasiwe vizingiti vya kukwaza watu. Amin. Wa billahi ttawfiq.